Bastola inakwama au mkono unakosea? Utatuzi wa matatizo kwa wapiga shabaha wa IPSC

Malalamiko ya wapiga shabaha wa bastola za mashindano ya IPSC (shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo) hujirudia. "Inapiga chini kushoto." "Ganda linanasa." "Nimevuta kifyatulio, ikalia tik tu." Anayelalamika huwa tayari ameshachagua dawa: kilengeo kipya, springi nyepesi, au bastola nyingine kabisa. Mara nyingi kosa liko mahali pasipohitaji hela nyingi, yaani mkononi, kwenye magazini au kwenye risasi. Kwa hiyo chini ya kila dalili, chanzo cha kawaida kimetangulia na cha nadra kimewekwa mwisho, na vipimo vya bure vinafanywa kabla ya vya kulipia.

Maelezo yanahusu bastola ya mm 9 ya daraja la Production (bastola zilizo karibu na zilivyotoka kiwandani), kama Glock 17 au CZ Shadow 2, lakini mengi yanafaa madaraja mengine pia. Andika namba kwenye kila magazini kwa kalamu ya rangi. Kila bastola inapokwama, andika namba ya magazini na aina ya risasi. Ukibadilisha, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha springi na risasi siku moja hutajua kipi kimeponya.

Kabla ya kupima chochote

Chomoa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma). Ukianza na slaidi, risasi inayotoka kwenye chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi ya kufyatuliwa) inafuatwa na nyingine kutoka kwenye magazini, nawe unabaki na bastola iliyojaa huku ukidhani ni tupu. Tazama ndani ya chemba, kisha iguse kwa kidole kidogo. Mazoezi ya kufyatua bila risasi yafanyike katika chumba kisicho na risasi hata moja, mtutu ukielekea kwenye kitu kinachoweza kuzuia risasi.

Siku ya mashindano, bastola hushikwa bila amri ya afisa wa uwanja ndani ya eneo la usalama tu, na humo risasi ni marufuku. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba marufuku hiyo inahusu pia risasi bandia na maganda matupu. Ukizishika humo unatolewa mashindanoni, hata kama ulitaka tu kupima kama bastola inalisha.

Risasi zinaangukia chini kushoto

Hii ni kwa anayetumia mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto huziona chini kulia. Hakuna dalili inayouza vilengeo vipya kuliko hii, na ni mara chache kilengeo ndicho chenye kosa.

Chanzo cha kwanza, kwa mbali sana, ni kulitangulia teke la bastola. Mwili unajua mlipuko unakuja, kwa hiyo kabla tu nyundo haijaanguka kiganja kizima kinakaza na kifundo cha mkono kinainamisha mtutu. Mpigaji mwenyewe haoni, kwa sababu teke linafunika kila kitu. Mwombe mwenzako akupakilie magazini yenye risasi 8, mbili au tatu kati yake ziwe bandia, asikuambie ziko nafasi ya ngapi. Piga karatasi iliyo mita 7. Ukifikia risasi bandia, macho yabaki kwenye kilengeo cha mbele. Nyundo italia tik, na kama mtutu unachovya chini kama kuku anayedonoa, umepata jibu bila kununua kitu.

Tiba yake ni kufyatua bila risasi ukiwa umeukaribia ukuta mweupe, mtutu ukiwa karibu sm 3 kutoka ukutani. Hakuna shabaha ya kuangalia. Unaangalia kilengeo tu kisitikisike kifyatulio kinapokatika. Dakika 10 kila siku zinatosha. Mara ya kwanza vuta polepole hadi kilengeo kitulie. Kisha vuta upesi, kwa sababu mashindanoni hakuna anayevuta polepole, na makosa mengi hujificha kwenye kasi. Halafu rudia kipimo cha risasi bandia uwanjani kila juma. Kwa Kenya, cheti cha silaha hutaja idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo, kwa hiyo mazoezi haya ya nyumbani ndiyo chakula cha kila siku, na risasi za moto ni mtihani.

Chanzo cha pili ni mikono kugawana kazi vibaya. Mkono wa kulia unabana mpaka unatetemeka, wa kushoto umelala tu juu yake. Geuza: mkono wa kushoto ndio ubane kwa nguvu zaidi, wa kulia ubane kama unayemsalimia mtu kwa heshima, ili kidole cha shahada kiwe huru kusogea peke yake. Cha tatu ni kidole chenyewe. Kikiingia kidogo mno kwenye kifyatulio kinausukuma mtutu kando, na kipimo cha ukutani kitakuonyesha kilengeo kikihama. Sogeza kidole ndani au nje mpaka kilengeo kitulie. Usifuate kipimo cha mtu mwenye kiganja tofauti na chako. Cha nne ni kuinua kichwa ili uone tundu kabla risasi haijatoka.

Kilengeo kinashukiwa mwisho. Weka bastola juu ya mfuko wa mchanga mita 15, piga risasi 5, kisha mpe mpigaji mwingine mzoefu apige 5. Matundu ya wote wawili yakikusanyika mahali pale pale pasipo katikati, hapo kweli ni bastola. Hesabu ni hii: kosa mara umbali kati ya vilengeo viwili, gawanya kwa umbali wa shabaha. Matundu yakiwa chini kwa sm 5 katika mita 15, na vilengeo vikiwa mm 165 kutoka kimoja hadi kingine, basi 50 × 165 ÷ 15,000 = mm 0.55. Risasi zikipiga chini, kilengeo cha mbele kipungue kimo kwa kiasi hicho, au cha nyuma kipande. Zikienda kushoto, cha nyuma kisogee kulia. Kazi ya kukisogeza ina kifaa chake kwa fundi wa silaha. Nyundo na bisibisi huacha slaidi na makovu, na kilengeo kinabaki kimelegea.

Tik, bila mlipuko

Saa ikiwa inahesabu: piga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta slaidi hadi mwisho na uiachie, endelea. Kidole kiwe nje ya kilinzi cha kifyatulio, kionekane wazi, muda wote unaposhughulikia hitilafu. Mazoezini, ambako hakuna anayekukimbiza, shika mtutu ukielekea kwenye tuta la kuzuia risasi kwa sekunde 30 kwanza, kwa sababu baruti huweza kuchelewa kuwaka. Kisha toa risasi na uisome fataki yake, ile duara ndogo kwenye kitako cha ganda.

Hakuna risasi iliyotoka: magazini haikukaa vizuri na chemba ilikuwa tupu. Hiki ndicho chanzo cha kawaida zaidi. Unapopakia, igonge magazini kwa nguvu kisha ijaribu kuivuta chini.

Risasi imetoka na fataki ina shimo la kina: risasi ndiyo mbovu. Zikijirudia kwenye sanduku moja, liweke pembeni lote.

Shimo lipo lakini hafifu: kwanza safisha njia ya pini ya kufyatulia, maana mafuta yaliyochanganyika na masizi huifanya pini itambae badala ya kupiga. Kama risasi zimepakiwa upya (zimetengenezwa kwa maganda yaliyokwisha kutumika), pengine fataki haikuzamishwa hadi mwisho. Pigo la kwanza linaizamisha, la pili linaiwasha. Cha tatu ni springi ya nyundo. Wapigaji wa CZ hupenda kuweka ya paundi 11.5 ili kifyatulio kiwe laini. Hufanya kazi na fataki laini kama za Federal, ikaanza kulia tik mara inapokutana na fataki ngumu. Ikiwa risasi unazopata dukani hubadilika kila mwezi, rudisha springi ya kiwandani. Kifyatulio laini kisichowasha risasi hakina faida.

Risasi imetoka bila alama yoyote: slaidi haikufunga hadi mwisho, au pini imevunjika. Kama slaidi ilifunga sawasawa, acha kupiga, mpelekee fundi.

Simama hapa. Usisugue ndoano ya nyundo kwa msasa, usikate springi. Bastola iliyofanyiwa hivyo inaweza kutoa risasi mbili kwa mvuto mmoja, au kujifyatua slaidi inapofunga. Zaidi ya hapo, Production ina uzito wa chini wa kifyatulio: kg 2.27 kwa mvuto wa kwanza, au kg 1.36 kwa kila mvuto. Kazi yoyote ndani ya mfumo wa kifyatulio ni ya fundi mwenye leseni.

Mlio hafifu, "puf", na teke halikuja

Simama papo hapo. Toa kidole. Usigonge magazini, usivute slaidi na kuendelea, hata kama mkono umezoea kufanya hivyo. Huenda risasi imebaki ndani ya mtutu kwa kukosa baruti, na ya pili ikiifuata, mtutu utavimba au kupasuka mikononi mwako.

Mtutu ukiwa bado unaelekea kwenye tuta, toa magazini, fungua slaidi, toa kilichomo. Fungua bastola, chomoa mtutu, utazame dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga kutoka upande wa pili, mtutu ni wazi. Usipouona, siku yako ya kupiga imekwisha. Kuisukuma risasi iliyonasa ni kazi ya fundi, kwa fimbo ya shaba. Msumari au nondo huharibu mifereji ya mtutu.

Mashindanoni, afisa akishuku hali hii atakupigia "Stop". Ikibainika mtutu ni wazi na risasi ni nzima, unarudia steji (zoezi moja la mashindano linalopimwa kwa muda). Ikibainika imenasa, hurudii, na matokeo yanahesabiwa kama yalivyo. Usibishane naye, amekuokolea vidole.

Risasi hailishi, au ganda linasimama kwenye dirisha la slaidi

Tazama daftari lako kwanza. Matatizo yakimwangukia namba 3 tu, ni magazini namba 3. Ifungue, toa mchanga, futa kavu bila kuipaka mafuta, pima springi kwa kuisimamisha kando ya mpya: iliyofupika sana ibadilishwe. Midomo ya magazini iliyopanuka au kupinda baada ya kuangukia zege hainyooshwi kwa koleo. Itupe, au iachie mazoezi ya nyumbani.

Matatizo yakitokea kwenye magazini zote, chukua risasi. Chomoa mtutu kutoka kwenye bastola tupu, ushike mkononi chemba ikiwa juu, dondosha risasi ndani. Inapaswa kuzama kwa uzito wake, ikalia *tak* ndogo, ikazunguka ukiizungusha kwa kidole, na ikaanguka yenyewe ukigeuza mtutu. Inayosimama nusu, au inayohitaji kusukumwa, ndiyo itakayokukwamisha. Kwa risasi zilizopakiwa upya, sababu ya kawaida ni mdomo wa ganda haukubanwa vya kutosha (kipenyo hapo kisizidi mm 9.65), kisha urefu: kikomo cha mm 9 ni mm 29.69, lakini mitutu mingi ya CZ hutaka fupi zaidi, kutegemea umbo la kichwa cha risasi. Hiki ni kipimo cha dakika 20 kwa risasi zote za mashindano, na hakuna kifaa cha kununua.

Ganda likisimama wima kwenye dirisha la slaidi, ushuku mkono kabla ya chuma. Kifundo kikilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, na slaidi haimalizi safari yake. Mpe mpigaji mwenye mshiko imara bastola hiyo hiyo na magazini hiyo hiyo. Ikimfyatukia risasi 30 bila shida, unajua pa kufanyia kazi. Baada ya mkono fuata risasi dhaifu, kisha springi ya slaidi iliyo nzito mno kwa risasi hizo, na mwisho ukucha unaovuta ganda. Ukucha ukiwa na masizi chini yake, mswaki mkavu unatosha. Ukiwa umemegeka, ni wa fundi.

Slaidi haibaki nyuma, au inabaki nyuma magazini ikiwa na risasi

Gumba. Karibu kila mara ni gumba la mkono wa kulia lililolala juu ya kizuizi cha slaidi, au la kushoto linalokisukuma juu. Piga risasi 2 kwa mkono mmoja ukiwa umeyaondoa magumba hapo. Tatizo likitoweka, rekebisha mshiko. La sivyo, angalia springi ya magazini.

Magazini isiyoanguka ukibonyeza kitufe ni kisa hicho hicho: nyama ya kiganja cha kushoto imeibana. Vinginevyo ni vumbi. Ukiwa umeinua bastola tupu, magazini tupu inapaswa kuteleza na kuanguka bila kutikiswa.

Mchomoo wa bastola ni wa polepole

Mtu anayechomoa kwa sekunde 2 husema mkono wake ni mzito. Mchukue video kutoka pembeni. Utaona mkono unafika kwenye holsta upesi kabisa, kisha bastola ikiwa hewani vidole vinajipanga upya. Kupanga huko ndiko kunakokula muda. Mshiko wa mkono wa kulia lazima uwe kamili bastola ikiwa bado ndani ya holsta, kiganja juu kabisa, hakuna nafasi chini ya mkia wa slaidi.

Kama mshiko ni mzuri, shika holsta na uitikise. Mkanda laini unaifanya holsta iifuate bastola juu kabla haijaachia. Mkanda wa mashindano wa tabaka mbili, wa ndani ukishikana na wa nje, huondoa tatizo hilo. Katika Production holsta hukaa nyuma ya mfupa wa nyonga, na bastola isiwe mbali zaidi ya mm 50 kutoka upande wa ndani wa mkanda. Kuna wanaonunua holsta ya daraja la Open wakidhani itawapa kasi, kisha wanakataliwa kwenye ukaguzi wa vifaa.

Zoezi: taima ikiwekwa sekunde 2.0, chomoa bila risasi mara 10. Ukifaulu 8 kwa kilengeo kilichotulia, punguza 0.1. Ukikosa zaidi ya 2, rudi nyuma. Kidole hakiingii kwenye kifyatulio mpaka bastola inaelekea kwenye shabaha. Mshindani anayejifyatulia risasi kwenye mchomoo anatolewa, na huyo ni yule mwenye bahati.

Muda ni mzuri, matokeo ni mabaya

Hiti fakta ni pointi kugawanywa kwa sekunde. Shabaha imegawanywa kwa kanda, A ikiwa katikati. Katika Production, A ni pointi 5, C ni 3, D ni 1, kukosa ni kutoa 10. Steji ya risasi 24 ina pointi 120. Mmoja anapata 112 kwa sekunde 18.0: hiti fakta 6.22. Mwingine anakimbia, 96 kwa sekunde 16.0: 6.00. Wa pili alimaliza mapema na ameshindwa.

Tumia hesabu hiyo kujua pa kuharakisha. Kwenye steji ya hiti fakta 6, tofauti ya A na C ni thuluthi moja ya sekunde. Kukosa, ukilinganisha na A, ni pointi 15, yaani sekunde 2.5. Kwa hiyo risasi ya ziada kwenye shabaha unayoishuku ina thamani, lakini kusimama ili usahihishe kila C hakuna. Ukiona D nyingi mara unapoingia nafasi mpya, sababu ni miguu: unapiga kabla uzito haujatulia. Inua bastola hatua mbili kabla ya kufika, magoti yakiwa yamekunjwa, ili kilengeo kiwe machoni miguu inaposimama.

Doti haionekani

Kwa Production Optics, daraja la bastola zenye kilengeo cha kioo kinachoonyesha doti ya mwanga. Ukichomoa na kioo kiko tupu, usiitafute doti kwa kuzungusha kifundo. Karibu kila mara iko juu, kwa sababu mtutu umeinuka. Fumba macho, chomoa bastola tupu, fumbua, rekebisha, rudia. Doti ikihama mahali pa kupiga, kaza skrubu kwa kipimo cha mtengenezaji na uchore mstari wa rangi juu ya skrubu na kitako chake, ili kulegea kuonekane kwa jicho.

Risasi zimeshindwa kwenye kipima mwendo

Waandaaji hupima mwendo wa risasi zako ili kujua pawa fakta yake, yaani nguvu. Pawa fakta ni uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito) mara mwendo kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Chini ya 125 unaruhusiwa kuendelea kupiga, lakini bila alama. Greni 124 kwa futi 1,050 ni 130.2, nafasi ya kutosha. Wanaoshindwa ni wanaojipimia 126 nyumbani ili teke liwe dogo, kisha kipima mwendo kingine kinasoma chini kidogo. Ukipakia upya na umeshindwa, usiongeze baruti kwa kukisia. Fuata jedwali la mtengenezaji wa baruti, na usipite kikomo chake.

Ameonywa kuhusu nyuzi 90

Mtutu hauruhusiwi kugeuka zaidi ya nyuzi 90 kutoka upande wa tuta la mbele. Mpigaji wa mkono wa kulia huvuka mstari huo anapokimbia kushoto huku akibadilisha magazini. Kifua kinageukia anakokwenda, na mtutu, ambao tayari umeinamishwa kushoto ili magazini iingie, unafuata kifua. Hakuna kifaa cha kutibu hili. Tembea steji ukitumia mkono mtupu, amua mahali pa kubadilishia, na ukielekea kushoto maliza kubadilisha katika hatua ya kwanza, kiwiko cha kulia kikiwa kimegusa mbavu na mtutu ukitazama tuta la mbele. Nyumbani, bandika utepe ukutani mbele yako, kimbia kushoto hatua nne na bastola tupu, na mwenzako asimame nyuma akuambie mtutu unapouacha utepe. Ukiuacha mara moja kati ya kumi, bado hauko tayari kufanya hivyo kwa risasi. Badilisha magazini ukiwa umesimama kwa sasa, upoteze hiyo sekunde moja na nusu.